Mwongozo kwa Wahudumu wa Fiziotherapia: Hofu na Mawazo Katika Maumivu ya Shingo

Mwongozo huu ni wa wahudumu wa fiziotherapia wanaowahudumia wakazi wa Mosocho na viunga vya mji wa Kisii. Unahusu shingo iliyouma kwa zaidi ya miezi mitatu. Mgonjwa mwenye udhaifu wa mikono au miguu unaozidi, anayeshindwa kuzuia mkojo, mwenye homa na anayekonda, au aliyeanguka na pikipiki majuzi, amwone daktari kwanza. Kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo kwetu.

Ukishaondoa mashaka hayo, muulize anaogopa nini. Mama aliyezoea kubeba mkungu wa ndizi kichwani hadi barabarani akiacha kazi hiyo, huenda ameambiwa kwamba shingo itakatika. Basi haigeuzi tena. Misuli inakakamaa na kukosa nguvu, na siku akijaribu inauma, naye anaona hofu yake ilikuwa ya kweli. Johan Vlaeyen na Steven Linton waliueleza mzunguko huu mwaka 2000, na mhudumu yeyote mzoefu anaufahamu kwa macho.

Uliza kwa maneno mepesi: Mama, unafikiri ni nini kinachokuuma? Kazi gani umeiacha? Usingizi ukoje? Unaona utapona? Tafuta faragha, kwani pazia halizuii sauti, na mwanamke aliyeletwa na mama mkwe hataeleza ya nyumbani akiwa amekaa naye.

Usidharau jibu lolote. Abagusii wana historia ndefu ya ababari, wataalamu wa jadi waliofungua fuvu la mtu aliyeumwa kichwa muda mrefu baada ya kujeruhiwa. Anayeamini kwamba kuna kitu ndani kinachopaswa kuondolewa ana sababu ya kuamini hivyo. Msikilize hadi mwisho, ndipo umweleze.

Chunga pia ulimi wako. Kauli kama "mifupa imesagika" humkaa mgonjwa kwa miaka. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2015 ulipiga picha za MRI shingo za watu 1,211 wasio na dalili zozote, na asilimia 87.6 walikuwa na diski zilizotokeza. Mweleze hilo kabla hajafungua bahasha ya picha zake. Wala usimwambie kwamba maumivu ni ya mawazo tu: yanauma kweli, na hofu huyazidisha.

Mazoezi yalenge kazi aliyoiacha. Mwanzo ageuze shingo taratibu mbele yako, kisha abebe kikapu kitupu kichwani hatua chache, halafu chenye mzigo mdogo. Kiasi kifuate ratiba mliyokubaliana, kisipande wala kushuka kwa maumivu ya siku hiyo. Mwambie mapema kwamba kuuma kidogo baada ya zoezi si kuumia upya. Hapa ndipo tiba ilipo. Kukanda na joto ni nyongeza.

Huzuni isiyoisha, kukosa usingizi au kukata tamaa kunahitaji msaada ulio nje ya kazi yetu. Tumia PHQ-9, dodoso la dalili za sonona, na umpe rufaa huku ukiendelea na mazoezi. Akitamka kwamba anataka kufa, sitisha kila kitu, mfikishe wewe mwenyewe kwa daktari siku hiyo hiyo, na usimruhusu kurudi nyumbani peke yake.