Mwanachuo Mlangoni kwa Mzee

Ibn Abbas (R.A.) alikuwa bado kijana mdogo Mtume (S.A.W.) alipofariki. Hakujitukuza kwa ujamaa wake, bali alikwenda milangoni kwa Masahaba wazee kutafuta hadithi. Na akimkuta mmoja wao amelala mchana, hujilaza pale kizingitini, upepo ukimpiga kwa vumbi, mpaka mwenyewe atoke. Na kijana huyo huyo Sayyidna Umar akimketisha barazani pamoja na watu wa Badri. Baadhi yao walinung'unika, kwani nao walikuwa na wana wa umri wake. Umar akawauliza maana ya Suratun-Nasr, na kijana akajibu lililowapita. Mlangoni alikuwa mwanafunzi, barazani mshauri.

Twalikumbusha hili kwa ajili ya ndugu zetu wa Majengo, Pumwani, mashariki ya mji wa Nairobi. Mtaa huo ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, na wengi waliojenga humo walikuwa Waislamu, wakiwamo wanawake waliomiliki majumba yao wenyewe. Kijiji cha Pangani kilipovunjwa na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wake nao walihamia Pumwani na Shauri Moyo.

Ni nani aliyekwenda kuwauliza wazee hao habari zao? Walikwenda wageni. Janet Bujra alichapisha makala yake mwaka 1975, na Luise White kitabu chake mwaka 1990. Wote wawili walitegemea masimulizi ya bibi zetu wa Pumwani. Si yote waliyosimuliwa yapendezayo kusikika, lakini walikuwa na adabu ya kuketi na kusikiliza. Ama vijana wetu wa Chuo Kikuu, ambacho hakiko mbali na mtaa huo, wangapi wamewahi kubisha hodi?

Wala hasara yake si ya historia peke yake. Mzee hujua nani alijenga nyumba, nani ni mrithi, na kipi kiliwekwa wakfu, ilhali hati zimo sandukuni na yeye hawezi kuzisoma. Akifa, warithi husimama mbele ya Kadhi bila ya shahidi.

Basi mwanachuo na aende baada ya Alasiri, aulize neno moja tu: nyumba hii ilijengwa na nani? Kisha anyamaze, aandike. Na mzee naye asione haya kufungua sanduku, akasomewa na mjukuu wake.