Waliobeba Mizigo ya Vita

Vitabu vingi vya vita huanza na majenerali. Vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki vina jenerali wake pia, von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani. Alisalimu amri huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Ni kweli, lakini mtu husoma mara moja akasahau.

Sasa soma habari za wapagazi. Waliwabebea askari chakula na risasi kwa miguu, miezi na miezi. Mvua ilinyesha, posho ilichelewa. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara na malaria, si kwa risasi. Habari hizi hazisahauliki, maana kila mkulima anajua uzito wa mzigo na uchungu wa njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana nao. (Wengi hununua nyanya pale bila kujua.)

Wapagazi wengi hawakujua kuandika. Ndiyo maana habari zao ni chache. Lakini baadhi ya waliopigana vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, wangali hai.

Kazi: Mwulize mmoja wao alikula nini vitani, na alilala wapi. Andika majibu yake katika daftari lako.