Mbegu za Pilipili Hazijaota? Fukua Kwanza Kabla ya Kulaumu Duka

Julai moja hapa Iringa kijana mmoja alinipigia simu kwa hasira: "Afisa, nimeuziwa mbegu feki." Alikuwa amesia hoho chotara kwenye trei, siku ya 12 hakuna hata mche mmoja. Na mimi, bila kwenda kuona, nikamwambia arudi dukani. Hapo nilikosea.

Kesho yake nilifika, nikafukua kwa kijiti. Mbegu ngumu, zimevimba kidogo, hazinuki. Nzima kabisa! Trei alizipanga chini ya mparachichi, jua haligusi, na baridi ya Julai mnaijua. Pilipili inataka udongo wenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Hapo huota kati ya siku 7 na 14. Udongo ukishuka mpaka 15, mbegu inalala tu. Tukazihamishia juani, usiku tunafunika kwa nailoni, asubuhi jua likikolea tunafunua zisiungue. Baada ya siku 10 zikaanza kuchomoza. Ila alichelewa, kodi ya shamba ameshalipa, na muuza duka wamegombana bure kwa ushauri wangu.

Kwa hiyo fukua, sehemu kadhaa, uone. Mbegu ikiwa laini na inanuka, imeoza: unamwagilia kupita kiasi au trei haitoi maji. Ikiwa kavu kama ilivyotoka kwenye pakiti, maji hayafiki. Ukikuta imetoa mzizi lakini imekwama, umefukia sana au udongo umeganda juu. Kina ni nusu sentimita, isizidi moja. Usipoikuta kabisa, tafuta sisimizi au panya. Na miche ikichomoza halafu ikaanguka imenyauka shinani, hicho ni kinyausi, mbegu haina kosa. Punguza maji, acha hewa ipite.

Wanaokamua mbegu kwenye hoho za sokoni, hizo huvunwa mbichi, mbegu haijakomaa. Na kama tunda ni la chotara, hata ikiota hupati mmea kama mama yake. Pilipili kichaa nayo ina uvivu wake, ipe hata wiki tatu.

Kabla ya kusia pakiti nzima, hesabu mbegu 20, zifunge kwenye tishu yenye unyevu, weka ndani ya kopo lenye mfuniko, sehemu ya joto jikoni, mbali na moto. Usiache tishu ikauke. Siku ya 14 hesabu. Zikiota 16 au zaidi, sia. Zikiota 10, ongeza mbegu. Zikiota 3 au 4 na joto lilikuwepo, sasa nenda dukani, na pakiti yenye lebo ya TOSCI pamoja na risiti. Sijui kwa nini vijana mnatupa risiti.