Wasiwasi Upangiwe Saa Yake

Mwezi wa nne ukifika, kusi huanza kuvuma na masika kumwagika. Hapa pwani ya Kenya, wageni hupungua Diani, baadhi ya hoteli huwapa wafanyakazi likizo isiyo na malipo, na tuktuk za Ukunda hupanga foleni ndefu kumngoja abiria mmoja. Huko Gazi, Msambweni na Shimoni bahari huchafuka, na mwenye mtumbwi mdogo hawezi kutoka nje ya mwamba. Majuma machache tu baadaye shule hufungua muhula wa pili na karo hudaiwa. Ndipo mtu husema, "Nina mawazo." Usingizi hukatika saa nane za usiku, kifua hubana, na neno dogo la nyumbani hugeuka ugomvi. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya hali hiyo: wasiwasi wa kila siku wa watu ambao bado wanaamka na kwenda kwenye shughuli zao. Hoja yake ni moja. Wasiwasi haufukuzwi kwa kuambiwa "acha kuwaza". Hutulia ukipangiwa saa, na ukigeuzwa kazi palipo na kazi ya kufanya.

Hofu yenyewe si adui. Ndovu wa Shimba Hills akiingia shambani, moyo hupiga mbio, misuli hukaza, na mwili huwa tayari kukimbia. Bila hofu hiyo binadamu asingedumu. Taabu ni kwamba mwili hutumia silaha hiyohiyo kupambana na karo ya mwezi ujao, na karo haikimbiliki. Basi akili nayo huzunguka: nisipopata je, wakimrudisha mtoto nyumbani je, mwenye nyumba akija je? Mzunguko huo hufanana sana na kupanga, na ndiyo maana hutudanganya. Mtu huamka amechoka akidhani kwamba usiku kucha alikuwa akitafuta suluhisho. Lakini kupanga huishia kwenye tendo, siku, na mtu wa kumwendea. Kuwaza huishia palepale kulipoanzia.

Mwaka 1983 Thomas Borkovec, mwanasaikolojia wa Marekani, pamoja na wenzake walichapisha jaribio la tiba isiyo na dawa. Waliwataka watu wenye wasiwasi mwingi wachague nusu saa ya kila siku, wakati uleule na mahali palepale, ya kuwaza tu. Wazo likija nje ya saa hiyo liahirishwe hadi wakati wake. Walioshika utaratibu huo waliripoti kwamba muda waliokuwa wakiumaliza katika wasiwasi ulipungua. Huenda jambo hili likaonekana la kitoto, lakini sababu yake inaeleweka. Wazo linalokatazwa hurudi kwa nguvu, ilhali lile lililowekewa miadi humwachia mtu nafasi, kwa kuwa anajua hatalisahau. Tena kitanda kikizoea kuwa mahali pa kuhesabia madeni, mwili nao huzoea kukesha kila unapokilalia. Kwa watu wa huku saa nzuri ni baada ya alasiri, kabla jua halijatua, na daftari la mwanafunzi latosha. Dereva wa bodaboda akijiwa na wazo njiani, aandike neno moja anaposimama, kisha aendelee na safari. Saa ikifika, kila neno liulizwe swali moja: kuna ninaloweza kulifanya? Likiwepo, liandikwe pamoja na siku na jina la wa kuonwa, awe mwalimu mkuu, mweka hazina wa chama au mwenye duka. Lisipokuwepo, lingoje kikao cha kesho.

Wapo watakaosema kwamba utaratibu huu ni ugeni ulioletwa na wasomi. Kwa kweli pwani hii imekuwa ikiufuata kwa njia yake tangu zamani. Mvuvi hajadili na kusi. Anajua miezi yake, na ikifika vyombo hupandishwa pwani vikatiwa kalafati, nyavu hushonwa, na anayeweza huvua ndani ya mwamba. Hofu ya bahari imepewa kalenda, na ndani ya kalenda ina kazi za mikono. Ajabu ni kwamba msimu wa wageni kupungua unajulikana sawasawa na kusi, lakini nyumba nyingi zinazoishi kwa mshahara wa hoteli huupokea mwezi wa nne kana kwamba ni habari mpya. Wakati wa kuuwazia ni Desemba, vyumba vikiwa vimejaa na bakshishi zikiingia, na kina mama wa chama wanaoomba zamu yao ya mchezo iangukie mwezi wa tano wameshalielewa hili bila kusomeshwa. Hata kufungwa kwa machimbo ya madini ya kampuni ya Base Titanium, yaliyosimama mwishoni mwa 2024, kulitangazwa mapema. Si kila pigo hupiga hodi, bila shaka. Corona ilipofunga hoteli za Diani mwaka 2020 hakuna kalenda iliyoibashiri. Lakini aliyezoea kuyapangia yale yanayojulikana hubakiwa na nguvu kidogo zaidi kwa yasiyojulikana.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha: mwenye njaa hahitaji daftari, anahitaji unga. Pingamizi hili lina ushahidi, na halifai kufichwa. Johannes Haushofer na wenzake walilinganisha mambo mawili katika vijiji vya Nakuru: kuzipa familia fedha taslimu, na kuwapa watu vikao vitano vya ushauri vilivyobuniwa na Shirika la Afya Duniani. Mwaka mmoja baadaye, waliopewa fedha walikuwa na hali bora ya maisha na hata ya moyo, na ushauri haukuonyesha tofauti ya kupimika. Kwa upande mwingine, vikao vya aina hiyohiyo viliendeshwa Nairobi na wahudumu wa afya wa kawaida kwa wanawake waliopitia ukatili, na matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kuwa dhiki yao ilipungua. Tunachokisoma hapo ni kwamba mazoea ya utulivu hayachukui nafasi ya kipato, wala yasitumiwe kumnyamazisha anayedai mshahara, hati ya ardhi au basari. Kazi yao ni ndogo kuliko hiyo, ila ina maana: kumwachia mtu usingizi na akili ya kwenda kudai.

Pingamizi la pili ni la dini, kwamba muumini anayewaza ana upungufu wa tawakali. Ni kauli inayoumiza, maana humwongezea mwenye wasiwasi aibu juu ya mzigo alionao. Kutawakali hakujawahi kumzuia nahodha kutia nanga. Anayefanya sehemu yake saa kumi za alasiri kisha akamwachia Mungu lililobaki amekaribia zaidi maana ya neno hilo kuliko anayekesha.

Mengine ni madogo, lakini yasidharauliwe. Kahawa chungu ya barazani ina faida mbili, kahawa na mazungumzo, na ya pili ndiyo itulizayo. Baada ya magharibi afadhali kubaki na mazungumzo. Muguka huchangamsha kwa saa chache, kisha hukopa usingizi wa usiku kwa riba. Mapigo ya moyo yakienda mbio, kupumua polepole, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, huupa mwili ishara kwamba ndovu hayupo.

Na mtu akipitisha wiki mbili au zaidi akiwa hali, halali wala hafanyi kazi, au akianza kuona afadhali kufa, daftari halitoshi. Amwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini, au aende zahanati iliyo karibu, ambako anaweza kuelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Msambweni. Simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, hupigwa bila malipo. Anayemsindikiza asimwambie ajikaze. Amuulize tu usiku wake ulikuwaje, kisha amsikilize.