Nyigu Wawili, Adui wa Funza wa Mabua

Mkulima apasuapo bua la mhindi lililotobolewa huenda akakuta, kando ya funza aliyedhoofika, vifuko vingi vyeupe vilivyoshikamana, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Asivitupe motoni akidhani ni mayai ya funza. Ndani yake wamo nyigu, nao ni rafiki wa shamba.

Nyigu hawa ni wa namna mbili. Cotesia sesamiae ni mwenyeji wa Afrika. Cotesia flavipes asili yake ni Asia. Wataalamu wa taasisi ya ICIPE walimleta Kenya kutoka Pakistan, wakamfungulia katika mashamba ya pwani mwaka 1993. Aliletwa kwa kuwa funza aitwaye Chilo partellus naye alitoka Asia, akaonekana Afrika mara ya kwanza mwaka 1930, wala huku hakuwa na adui wa kumtosha.

Kwa sura wawili hawa ni kama mapacha: weusi, urefu wao milimita 2 au 3, na hata mtaalamu huhitaji darubini ili kuwatambua. Kazi yao pia ni moja. Jike huingia katika tundu la bua, mahali pa giza na pembamba, akamdunga funza na kumtilia mayai mwilini, 30 au 40 hivi. Kazi hiyo ni ya hatari, maana funza hugeuka akauma, na nyigu wengi hufia humo humo. Watoto hukua ndani ya funza kwa muda upatao siku 12, kisha hutoboa ngozi yake na kujifumia vile vifuko vyeupe.

Tofauti yao imo katika damu ya funza. Mgeni humshinda Chilo bila shida. Lakini Busseola fusca, funza wa nyanda za juu, huyazingira mayai ya mgeni kwa chembe za damu yake mpaka yakafa. Mwenyeji humweza Busseola, ila si kila mwenyeji: nyigu wa Kitale hufaulu, na ndugu yake wa Mombasa hushindwa sawasawa na yule mgeni. Basi kumchukua nyigu wa pwani na kumpeleka Trans Nzoia ni kazi bure.

Mwenye kunyunyiza dawa naye aangalie. Funza aliyekwisha kuingia ndani ya bua haifikiwi kwa urahisi na dawa, bali nyigu arukaye nje hufa mara moja.