Tutunze Visu na Mapanga Yetu

Kibaha na Kisarawe ni nchi ya mihogo, minazi na mikorosho, na ni nadra kukuta nyumba isiyo na panga na kisu. Sisi wauguzi huvijua vifaa hivi kwa vidonda vyake.

Wengi wanaamini kuwa kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Sivyo. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na kinyesi cha wanyama, na panga linalong'aa lakini lina udongo ni la hatari vilevile. Ubaya wa kutu ni kwamba huchimba vishimo kwenye chuma, na uchafu hujificha humo. Tena mbegu za vijidudu hivi hustahimili maji ya kuchemka. Kwa hiyo kisu cha nyumbani, hata kikichovywa katika maji ya moto, kisikate kitovu cha mtoto. Mama akijifungua kabla ya kufika zahanati, utumike wembe mpya uliofunguliwa papo hapo.

Kisu cha jikoni kibaki jikoni, cha shamba kibaki shambani. Maji ya mabibo na ya ndimu hula chuma upesi, basi tuoshe kisu mara tu baada ya kazi kwa maji na sabuni, tukikaushe, kisha tukipake mafuta ya kula kidogo sana. Kutu iliyokwisha kuingia isuguliwe kwa jivu na kumbi la nazi.

Kisu cha kukunja, ambacho akina baba hutembea nacho mfukoni, hutusumbua zaidi. Kimemenya chungwa, kimekata kamba ya mbuzi, kisha kimekunjwa kikiwa na majimaji! Kioshwe kikiwa wazi, pale kwenye kiungo pasuguliwe kwa mswaki wa zamani, kikauke juani kabla ya kukunjwa. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo linatosha.

Tusiogope kunoa. Kisu butu hulazimisha mkono kukandamiza, nacho kikiteleza huishia vidoleni. Panga linolewe kwa tupa, kisu kwa kinoo kilicholoweshwa. Mpini uliolegea ukazwe kwanza.

Aliyejikata aoshe kidonda kwa maji safi mengi na sabuni, asipake udongo, kinyesi wala majani, akifunge kwa kitambaa safi. Kikiwa kirefu au kimeingia udongo, afike zahanati siku hiyohiyo na kadi yake ya chanjo.