Chambo cha Mayai ya Samaki

Huko Marekani ya magharibi samaki aitwaye samoni huvuliwa kwa mayai ya samoni wenzake. Mayai mabichi ni laini, hupasuka upesi na kutoka katika ndoana. Kwa hiyo wavuvi huyatia dawa nyumbani.

Tukitaka kufuata kazi yao, kwanza tufute damu yote, maana damu huleta uvundo. Kisha tuyakate vipande pamoja na utando wake, tuyanyunyizie chumvi, sukari na unga mweupe uitwao boraksi, tuyaweke mahali pa baridi siku moja. Chumvi huvuta maji, na mayai hukazika.

Lakini tuangalie sana: boraksi ikiliwa ni sumu. Chombo kitiwe alama, kiwekwe mbali na watoto, wala kisipakuliwe chakula tena.